Shahada ya Mwalimu wa Sayansi: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza habari za shule za kata, jinsi zilivyochipuka kwa wingi Tanzania Bara tangu mwaka 2006, na jinsi vyumba vya maabara, pale vilipopatikana, vilivyokaa vikingoja mtu wa kuvitumia. Leo tumtazame mtu huyo mwenyewe: ni nani anayestahiki kusimama mbele ya kidato cha tatu akafundisha Fizikia au Kemia, na ni masharti gani sharti ayatimize kabla ya chuo kikuu kumtunuku shahada.

Wazazi wengi hudhani kwamba jambo hili huanza siku kijana anapojaza fomu za kuomba chuo, ilhali kwa kweli huwa limekwisha kuamuliwa kitambo, kijana angali na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Kwa utaratibu uliozoeleka, Hisabati na Biolojia husomwa na kila mwanafunzi hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia mtu aweza kuziacha aingiapo kidato cha tatu. Naye aziachaye hapo, ama kwa kuzichukia, ama kwa sababu shuleni kwake hapakuwa na mwalimu wa kuzifundisha, hawezi tena kuchukua tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wala PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), wala CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), na kwa hiyo amejifungia mlango wa masomo hayo kabla hajajua kwamba upo. Hapa pana mzunguko wa ajabu, nao wastahili kuzingatiwa kuliko kiwango chochote cha alama: shule isiyo na mwalimu wa Fizikia haitoi wanafunzi wa Fizikia, na pasipo wanafunzi wa Fizikia hapatapatikana mwalimu wa Fizikia.

Tuchukulie basi kwamba kijana amepita salama na amefika kidato cha sita. Sharti la msingi la kuingia chuo kikuu ni kupata prinsipo mbili, kama wasemavyo wanafunzi, yaani ufaulu kamili katika masomo mawili, na jumla ya pointi zisizopungua 4 katika masomo hayo mawili, kwa hesabu ambayo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili, au mwenye C na E, amefikia kiwango hicho. Kwa mtaka ualimu liko jambo la ziada: ufaulu huo uwe katika masomo yale yale atakayoyafundisha, maana mwalimu wa sekondari aghalabu huandaliwa kwa masomo mawili, kama Kemia na Biolojia, au Fizikia na Hisabati. Wako pia wanaopita njia ya stashahada ya ualimu, wakafundisha miaka kadhaa kisha wakarudi chuoni kutafuta shahada. Na kwa rai yangu hao mara nyingi huwa wanafunzi bora, kwa kuwa wanajua wanachokitafuta.

Shahada zenyewe ni za namna mbili zinazofanana kwa jina na kutofautiana kwa uzito. Iko Shahada ya Sayansi pamoja na Elimu, ambayo sayansi ndiyo mwili wake, na iko Shahada ya Elimu katika Sayansi, ambayo elimu ndiyo fani kuu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vyake vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa vilivyoanzishwa mwaka 2005, masomo huchukua miaka mitatu. Fauka ya Kemia au Fizikia yake, mwanafunzi husoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji, na mbinu za kufundishia kila somo alilolichagua.

Lakini mizani ya kweli ni mazoezi ya kufundisha, ambapo mwanachuo hupelekwa shuleni na azimio la kazi lake na andalio la somo mkononi. Tumtazame akionyesha namna ya kupima ukolezi wa asidi. Bureti imebanwa kwenye kishikio, ndani yake mna asidi. Chini yake ipo flaski yenye besi, imetiwa matone mawili ya methili orenji, nayo imekuwa ya manjano. Mkono wa kushoto uko kwenye bomba la bureti, wa kulia unazungusha flaski pole pole, na macho ya darasa zima, wengine wakisimama juu ya viti kwa kuwa bureti ni moja, yanangoja rangi igeuke. Tone moja likizidi, rangi huvuka kiwango na kuwa nyekundu, na kipimo chote sharti kirudiwe. Wakati huo huo anapaswa kueleza kwa Kiingereza sababu ya mgeuko huo, kwa watoto ambao wengi wao wamesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, huku mhadhiri ameketi nyuma na fomu ya alama. Mtu aweza kuwa na A ya Kemia akashindwa hapo, nami siyaoni masomo ya elimu kuwa mapambo, kama wayaonavyo baadhi ya wanasayansi wetu.

Aliyekwisha kupata shahada ya sayansi tupu asikate tamaa. Iko stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo hutolewa na vyuo kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu Huria, nayo humpa mkemia au mwanafizikia ile nusu ya ualimu aliyoikosa.

Njia za mkato zimejaribiwa. Shule za kata zilipofunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa madarasani, na watu, kwa mzaha wenye uchungu, wakawaita Vodafasta. Baadaye, mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea vijana wa kidato cha nne kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi. Mei 2016, wahadhiri wakiwa wamegoma, zaidi ya wanafunzi 7,000 walirudishwa makwao, na walioonekana kuwa na sifa wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Siwalaumu vijana hao abadan. Hawakujiita wenyewe.

Na hata mwenye shahada kamili hana ajira mkononi. Ajira za serikali ni za kuombwa na kushindaniwa, na akiisha kuajiriwa huwa chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Akipangiwa shule ya mbali, yamkini atakuta yu peke yake katika sayansi zote, na yeye aliyesomea Kemia na Biolojia ataombwa na mkuu wa shule, kwa adabu kubwa, ashike na Fizikia ya kidato cha kwanza hadi apatikane mwenyewe.