Kompyuta Yaulizwa Anwani Yake

Mtu akaaye Newala, juu ya uwanda wa Makonde, katika nyumba yenye mlango mmoja uelekeao barabara ya Masasi na mwingine uelekeao ile ya Tandahimba, hawezi kumwambia mgeni aingilie wapi mpaka ajue mgeni huyo atokea upande gani. Kompyuta nayo haina anwani moja. Kila mlango wake wa mtandao, uwe wa waya au wa redio, una anwani yake. Tena ipo 127.0.0.1, ambayo kwayo hujisemesha yenyewe.

Na ichukuliwe kuwa mwalimu wa Masasi ameweka mitihani ya zamani katika kompyuta moja, wanafunzi waisome kwa waya wa darasani pasipo kulipia intaneti. Programu yake yaonyesha anwani ya kufuata: 0.0.0.0. Wanafunzi waipiga, hawafiki, na kipindi chaisha. Programu haikusema uongo. Soketi isikilizayo milango yote huandikwa hivyo, kwa maana ya "mlango wowote". Si mahali pa kwenda.

Amri ya kuiuliza soketi anwani yake ni getsockname, iliyokuwamo katika mfumo wa 4.2BSD uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Hutaja anwani pamoja na namba ya poti, jambo lenye manufaa hasa pale mtungaji programu aombapo poti 0, yaani amwachiapo mfumo endeshi kuchagua iliyo wazi. Lakini jibu hutegemea wakati wa kuuliza. Soketi izaliwayo mgeni anapopokewa huitaja anwani aliyoingilia mgeni huyo. Ile isikilizayo haijui.

Mwalimu, hata hivyo, aihitaji anwani kabla ya mgeni kufika. Hufungua soketi ya UDP na kuielekeza kwa kompyuta mojawapo ya darasani. Hakuna ujumbe utumwao. Mfumo endeshi huchagua tu mlango ufaao, na getsockname huutaja. Akiielekeza nje, kwenye intaneti, aweza kutajiwa mlango wa modemu, na wanafunzi watakwama tena.

Jibu likianza na 192.168, ni mojawapo ya anwani zilizotengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani. Mwanafunzi wa Newala akitajiwa hiyo kwa simu, ataishia katika mtandao wa shule yake mwenyewe, pengine kwenye kompyuta nyingine kabisa yenye namba ile ile.