Mali Iliyo Mikononi mwa Wengine

Msafiri aendaye Kwihara, karibu na mji wa Tabora, huonyeshwa tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Wengi huitazama nyumba, wasiulize kwa nini mzee yule alibaki humo miezi mingi: alikuwa akingoja wapagazi kutoka pwani. Mwezi wa Oktoba 1871 alikuwa amefika Ujiji hoi, akitumaini kukuta shehena yake ya nguo na shanga iliyotangulizwa kutoka Unguja. Mtu aliyekabidhiwa alikuwa ameiuza yote. Mwenye mali akawa fukara, na hakuna mnyang'anyi wa porini aliyemgusa.

Twaikumbuka habari hii kwa sababu leo wafanya kazi wetu wengi, tangu mwendesha bodaboda wa Tabora hadi muuza asali wa Sikonge, hupokea pato lao lote kwa simu. Hatuna ugomvi na chombo chenyewe. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mtu wa Urambo hana haja ya kupanda gari kumpelekea mamaye fedha. Ila kupitisha fedha njiani ni jambo moja, kuzilaza njiani ni jingine.

Ni kweli, kwa taratibu za mwaka 2015 fedha za wateja huwekwa benki katika akaunti ya amana. Lakini ufunguo wake ni laini ya simu. Tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Aliyekuwa hajapata namba ya kitambulisho cha taifa aliona mali yake ipo, mlango haufunguki. Tena Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti ikazorota, na alipwaye kwa mtandao akakaa kungoja. Wazee wa Unyanyembe wangeitambua hali hiyo. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, Stanley mwenyewe alilazimika kuzunguka kusini.

Na hongo je? (Zamani neno hili halikuwa na aibu liliyo nayo leo, lilikuwa ushuru wa mtemi.) Julai 2021 tozo mpya iliwekwa juu ya miamala ya simu. Wananchi walilalamika, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Serikali ilisikia, nasi twashukuru. Lakini kwa muda ule, asiyekuwa na njia ya pili alilipa alichodaiwa.

Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" hatuna haja ya kuwaeleza; kila msomaji amekwisha kupokea ujumbe wao.

Mpagazi wa Kinyamwezi alidai sehemu ya ujira wake kabla ya kuinua mzigo, na posho njiani. Yafaa wanachama wetu nao wahamishe pato la wiki kwenda benki au chama cha akiba na mikopo, wabaki na taslimu ya siku chache, na kumbukumbu ya kila muamala waiandike katika daftari.