Uyoga wa Kichuguu, na Ule Unaofanana Nao

Wasomaji, mvua ikianza mwezi wa 11, uyoga huota porini katika Katanga, na wanawake huuleta kando ya barabara kuwauzia watu wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi. Ni mboga nzuri ya kula na bukari, na fedha yake husaidia nyumbani. Lakini kuna uyoga mwingine mweupe unaofanana na ule wa kichuguu. Mtu akiula, hutapika na kuhara mpaka nguvu zinamwisha. Basi sikieni namna ya kuutambua.

Kwanza jueni uyoga wa kichuguu unatoka wapi. Mchwa hukusanya miti na majani makavu, huyatafuna, na ndani ya kichuguu hujenga kitu chenye matundu kama sifongo. Hilo ndilo shamba lao, na uyoga ndio mmea wao. Mvua ikilowesha udongo, uyoga husukuma kutoka shambani hata juu. Kwa sababu hiyo mguu wake huendelea chini sana kama mzizi, na katikati ya kofia mna ncha ngumu ya kutoboa udongo. Mzungu mmoja wa Ufaransa, Roger Heim, aliupa ukoo huu jina Termitomyces mwaka wa 1942. Mmoja wao, ulioandikwa na wataalamu mwaka wa 1980 kutoka Zambia, kofia yake yaweza kufika upana wa metre 1. Mtoto hujikinga mvua chini yake!

Sasa yule mdanganyifu. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Huota katika majani mafupi, uani na kando ya njia. Kofia yake ni nyeupe yenye magamba ya rangi ya kahawia. Mguuni mna pete ambayo mara nyingi husogea ukiigusa kwa kidole. Chini mguu umevimba kidogo, kisha umekwisha: hakuna mzizi.

Kwa hiyo msing'oe uyoga kwa kuuvuta. Chimbeni kwa kijiti mpaka mwisho wa mguu. (Ule mdogo mdogo wa mchwa, unaoota mwingi pamoja, hauna mzizi mrefu, huo waachieni wanaoujua.)

Tazameni tena chini ya kofia, pale penye vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Katika uyoga mbaya uliokomaa huwa na rangi ya kijani. Lakini ukiwa mchanga ni vyeupe, na hapo wengi hudanganyika. Mkiwa na shaka, kateni mguu, wekeni kofia juu ya karatasi nyeupe, mfunike kwa bakuli mpaka asubuhi. Unga utaanguka. Unga wa uyoga wa kichuguu ni wa rangi ya waridi; unga wa kijani, tupeni wote.

Wengine hutia sarafu au kitunguu katika chungu, wakisema vikibadilika rangi ni sumu. Hilo ni neno la bure kabisa. Tena msiseme, "Wadudu wameula, basi ni mzuri." Tumbo la mdudu si tumbo la mtu.

Kuna na uyoga wenye mfuko chini ya mguu, kama yai lililopasuka. Tente, ambao Wabemba huula, una mfuko huo, lakini katika ukoo wake mmo wenye kuua. Mmoja wa Ulaya, Amanita phalloides, ulifika Afrika ya Kusini pamoja na miti iliyoletwa kupandwa. Basi asiyejua tente kwa hakika asiuchume, na hata anayeujua asiuchume ukiwa bado yai.

Uyoga wa kijani huleta ugonjwa kwa saa 1 mpaka 3. Ule wenye kuua hukawia saa 6 au zaidi. Kisha mgonjwa huonekana amepona, kumbe ini linaharibika. Msingoje. Mpelekeni kwa munganga wa dispanseri siku ile ile, na mabaki ya uyoga, hata maganda. Njiani mpeni mtoto anayehara maji safi litre 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kidogo kidogo.