Rispa, Mjane Aliyelinda Maiti

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, yumo mwanamke asiyetajwa sana: Rispa binti Aya, suria wa Mfalme Sauli. Baada ya njaa ya miaka 3, Daudi aliwatoa wana 2 wa Rispa na wajukuu 5 wa Sauli kwa Wagibeoni, ambao Sauli aliwaua watu wao. Wakatundikwa mlimani.

Rispa alitandika gunia mwambani, akafukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku, tangu mavuno ya shayiri hata mvua iliponyesha. Maandiko hayakuhifadhi neno lake hata moja.

Daudi alipopata habari, mifupa yao ilikusanywa. Ile ya Sauli na Yonathani ikazikwa kaburini mwa Kishi.

Ndugu msomaji, mjane huyo alimkumbusha mfalme wajibu wake kwa wafu.