Majina ya Mabaki ya Sangara na Lishe ya Samaki Wafugwao

Mtu atafsiriye habari za viwanda vya samaki huvutwa kuyaita mabaki yote "taka". Tafsiri hiyo ni nyepesi mno, na yaweza kumnyima mtu kitoweo.

Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na viwanda vya kukata minofu yake kwa soko la ng'ambo vikaenea miaka ya 1980 na 1990. Mnofu haufiki nusu ya uzito wa samaki. Mifupa iliyosalia pamoja na kichwa, watu wa Mwanza waliita mapanki, na wa Kisumu mgongo wazi. Hayo ni majina ya sokoni, si ya jalalani: vitu hivyo hukaangwa, huuzwa na kuliwa na wasioweza kununua mnofu. Bondo nalo huuzwa ghali hadi China. Taka basi ni ipi?

Swali hili si la wanalugha peke yao. Kambare afugwaye ahitaji protini nyingi, na dagaa wanaosagwa kwa ajili yake ni chakula cha watu. Ndipo wafugaji wageukiapo mabaki. Lakini unga wa mapanki, kwa wingi wa mifupa, una majivu mengi, na protini yake ni haba kuliko ya dagaa. Kumwondolea maskini mgongo wazi ili kupata unga hafifu si faida.

Matumbo ndiyo yanayofaa zaidi, ijapokuwa huoza kwa saa chache. Husagwa, yakatiwa asidi hata bakteria wa uozo wasiweze kuishi. Vimeng'enya vya matumbo yenyewe huilainisha nyama ikawa uji, protini ikabaki. Kisha huchanganywa na pumba. Wataalamu huita sileji. Mimi naona tunalo neno kuvundika, kama tuvundikavyo ndizi. Kuvunda ni kuoza. Lakini -ik- hapa, kama katika anika na funika, yaonyesha kitu kilichowekwa kwa makusudi katika hali fulani. Tofauti ya uozo na utunzaji imo ndani ya kitenzi.

Hata "unga wa samaki" ni jina pungufu. Sheria ya Umoja wa Ulaya yakataza samaki wafugwao kulishwa unga wa samaki wafugwao wa jamii yao, kwa kuchelea maradhi. Gunia lisilotaja samaki wala kiungo halimwambii mfugaji kama ampa kambare wake sangara au kambare mwenziwe.