Mbegu Katika Udongo wa Moto

Kila Novemba, sokoni Majengo mjini Dodoma, akina mama hununua mbegu za uwele, mtama na karanga. Wengine hawangoji mvua. Hupanda kavu, mbegu ilale ardhini mpaka mawingu yafike. Wageni huwacheka, wakidhani jua la Ugogo litaichoma. Sivyo. Hapo mwizi ni sisimizi, si jua.

Mbegu kavu huvumilia joto jingi, maana karibu haina maji na kazi zake zote zimesimama. Hatari yaanza inapokunywa. Ndipo huamka protini ziitwazo vimeng'enya. Kimoja, amilasi, huukata wanga kuwa sukari ya kuulisha mche mchanga. Kazi hiyo hufuata joto. Uwele chini ya digrii 10 za Sentigredi hauoti. Kati ya 30 na 35 huota upesi sana. Kupita 45 hukoma. Joto likizidi, protini hukunjuka na kugandana, kama ute wa yai unavyoganda sufuriani, na ngozi nyembamba za chembe huanza kuvuja.

Basi mvua ya kuogopwa ni ile ndogo ya kwanza, iloweshayo mbegu kisha likafuata juma zima la jua. Wakati wa adhuhuri uso wa udongo mtupu waweza kupita digrii 50.

Lakini Mungu hakuiacha mbegu bila ngao. Mwaka 1962 Mwitalia Ferruccio Ritossa alieleza kwamba nzi wa matunda wakipashwa joto, kromosomu zao, nyuzi zibebazo urithi, huvimba mahali fulani. Baadaye ikajulikana kuwa ni dalili ya kutengenezwa kwa protini maalumu zinazozishika nyingine zisiharibike. Mimea nayo inazo. Mche wa mtama uliozoeshwa joto kidogo kidogo hustahimili joto ambalo lingeuua kama lingeujia ghafula.

Kwa sababu hiyo mbegu isiachwe juujuu. Vidole viwili chini, udongo wa mchana una nafuu kubwa; ila mbegu ndogo ya uwele ikizikwa mno hushindwa kutokeza. Mabua yakitandazwa shambani hupunguza ukali wa jua, kama ng'ombe wa jirani hawajayamaliza. Na mbegu isipandwe yote siku moja. Kopo moja libaki nyumbani, lisisagwe, lingoje mvua ya pili.