WIMBO WAFAA SIKU YA MASHAKA

Katika nchi ya Ainabkoi, jirani ya Timboroa ambako stesheni ya reli imejengwa katika kimo cha futi 9,001 juu ya bahari, baridi ni kali na mvua ya mawe si jambo geni. Mkulima aweza kuitazama ngano yake asubuhi akafurahi, na kabla ya jua kutua akaiona imelala chini. Lakini deni la mbegu na mbolea halikulala. Karani naye ana siku zake: karipio la mkubwa wake, karo ya watoto, na mshahara uliokwisha kabla ya mwezi kwisha.

Siku kama hiyo wengi hunyamaza. Hukaa karibu na moto, hawasemi na mke wala mtoto, na chakula huwashinda. Wengine hukimbilia changaa, wakaamka kesho yake kichwa kikiuma na deni likiwa lile lile. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya dawa nyingine, isiyohitaji fedha, nayo ni muziki.

Dawa hii si mpya. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli twasoma ya kuwa Mfalme Sauli aliposumbuliwa rohoni, kijana Daudi aliitwa ampigie kinubi, naye mfalme akapata nafuu. Walakini tukumbuke pia kwamba siku nyingine Sauli alimtupia Daudi mkuki hali kinubi ki mkononi mwake. Wimbo hutuliza moyo, lakini hauondoi wivu wa mtu asiyetaka kuuacha.

Tuna mfano mwingine ulio karibu nasi, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet, upande wa Kericho. Huko wasichana pamoja na Chemutoi Ketienya walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimewafikia Wakipsigis. Wasichana hao walimfanya kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swala, wakamsihi aruke na kucheza.

Huyo Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kupata sifa kwa kuimba. Aliugua kifua kikuu, akaimba hata juu ya ugonjwa wake mwenyewe, akafa mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Basi sauti ya mgonjwa ilivuka bahari, ikawachezesha watu ambao hakuwaona kamwe, miaka 17 baada ya kufa kwake. Nazo sauti zilizonaswa Kapkatet zilirudishwa huko baada ya miaka zaidi ya 60, wazee wakasikiliza tena nyimbo za ujana wao.

Wataalamu nao wamechunguza jambo hili. Mwaka 2011 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha McGill, huko Kanada, walionyesha ya kuwa mtu asikiapo muziki aupendao sana, ubongo wake hutoa dopamini, kemikali inayohusika pia na raha ya chakula kitamu. Mwaka 2017 wataalamu waliolinganisha majaribio mbalimbali waliona kwamba wagonjwa wa sonona waliopata tiba ya muziki pamoja na matibabu ya kawaida walipata nafuu zaidi, kwa muda mfupi, kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake.

Je, dawa hii hutumiwaje? Kwanza, mwenye huzuni asijilazimishe kusikiliza wimbo wa harusi. Aanze na wimbo wa taratibu unaofanana na hali yake, kisha ahamie polepole kwenye nyimbo za kuchangamsha. Pili, asiwe msikilizaji tu, bali aimbe mwenyewe, hata akiwa anakamua ng'ombe au anapalilia. Aimbaye hapana budi avute pumzi ndefu, na pumzi ndefu hutuliza mwili. Tatu, ni bora aimbe na wenzake, kanisani, katika kwaya au nyumbani jioni, kwa maana mtu aliyenyamaza siku nzima huweza kuanza kwa kuimba, akaishia kwa kusema. Na wimbo ukimrudisha kwenye msiba ule ule kila mara, auache, achague mwingine.

Lakini tusidanganyane. Wimbo haulipi deni wala hauinui ngano iliyolala. Tena, ikiwa huzuni yadumu zaidi ya majuma mawili, mtu hapati usingizi, au anawaza kujiua, hiyo ni maradhi. Apelekwe hospitali upesi bila aibu, kama apelekwavyo mwenye malaria.

Kwa siku nyingine za mashaka, wimbo hufanya kazi ndogo iliyo na faida kubwa: humwinua mtu pale motoni. Akiisha kuinuka, aweza kumweleza mkewe ukweli wa deni, kwenda kwa aliyemkopesha kuomba muda, na kutembelea shamba kuona kilichosalia. Baada ya dhiki faraja, wazee walisema. Nasi twaongeza kwamba faraja huja upesi zaidi kwa mtu aliyesimama mlangoni kuipokea.